Majibu Safi, Tumbo Linauma



Tuna neno letu moja ambalo tumelizoea hata hatulisikii tena: "sijambo". Mtu amelala kitandani, kashika tumbo, ukimuuliza "hujambo?" atakujibu "sijambo", kisha baada ya salamu za watoto na wazee ndipo ataongeza, "ila hili tumbo kidogo." Kwetu huo ndio uungwana. Lakini katika chumba cha daktari hapa Uingereza, ambako mgonjwa hupewa kiasi cha dakika kumi, uungwana huo unaweza kumgharimu mtu mwaka mzima.

Tunasema haya kwa sababu yametukuta. Mama mmoja wa jamii yetu, ambaye tunamwita Shangazi kwa heshima tu, alitolewa kibofu cha nyongo kwa ajili ya mawe. Zamani, tangu Carl Langenbuch alipoanza upasuaji huo mjini Berlin mwaka 1882, mgonjwa alipasuliwa kwa mkato mrefu. Siku hizi hutumika matundu madogo, njia ambayo Mjerumani mwingine, Erich Mühe, aliifungua mwaka 1985. Shangazi alirudi nyumbani kesho yake. Baada ya miezi mitatu maumivu yakaanza tena, upande uleule wa kulia.

Sisi ndio tuliokwenda naye kumtafsiria. Damu ikapimwa, ini na kongosho vikaonekana vizuri. Ikapigwa picha ya mawimbi ya sauti, kisha ya sumaku. Hapakuwa na jiwe lililobaki kwenye mrija wala nyongo iliyovuja. Mwishowe tukaambiwa hakuna kitu. Tukamtafsiria kwa furaha: majibu safi, Shangazi, mshukuru Mungu. Akanyamaza. Njiani akatuuliza, "Sasa hili linaloniuma ni nini, wanangu? Uongo?"

Tangu siku hiyo swali hilo halijatutoka. Maumivu ambayo hakuna kipimo kinachoyaona, je, yana haki ya kuaminiwa? Na anayeyaamini anawajibika kufanya nini?

Sisi tuliosomea uhandisi tulipaswa kulijua jibu la swali la kwanza. Hakuna fundi asiyeijua hitilafu inayokuja na kuondoka. Mashine inazima usiku, fundi akifika asubuhi inanguruma kama mpya. Fundi mchanga huandika: "haina tatizo". Fundi aliyekomaa huandika: "tatizo halikuonekana wakati wa ukaguzi", kisha humwendea anayeiendesha na kumuuliza inazima saa ngapi, ikiwa imebeba nini, na sauti gani ilitangulia. Sentensi ya kwanza inatoa hukumu juu ya mashine. Ya pili inakiri mpaka wa macho yetu. Kipimo cha umeme hakiwezi kukwambia kuwa beringi imekwisha, kwani hakikuundwa kwa kazi hiyo.

Na mwili una njia nyingi kuliko mashine yoyote. Nyongo hutengenezwa na ini, kibofu ni tangi la akiba tu. Tangi likiondolewa, nyongo huteremka moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba, na watu wengi hawaoni tofauti. Maumivu yakibaki au yakirudi, huenda ni jiwe katika mrija, au vidonda vya tumbo, au kongosho, au utumbo wenyewe, na hata moyo, ambao maumivu yake huweza kujitokeza chini ya kifua. Pengine mawe hayakuwa kisa tangu mwanzo, bali yalikutwa tu yamekaa pale. (Macho yakigeuka manjano, homa ikija na kutetemeka, au mkojo ukiwa mweusi na choo kikapauka, ndugu msomaji, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.)

Baadhi yetu watasema: basi, kama mgonjwa anaaminiwa, daktari afanye kitu! Hapa pana mtego mwingine. Kwenye mdomo wa mrija wa nyongo kuna msuli mdogo wa mviringo ulioelezwa na Ruggero Oddi wa Italia mwaka 1887. Kwa miaka mingi wagonjwa kama Shangazi, ambao vipimo vyao vilikuwa safi, walikatwa msuli huo kwa imani kwamba umekaza. Mwaka 2014 jarida la JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 214 wa aina hiyo. Wagonjwa 141 walikatwa msuli, na 73 waliingizwa mpira uleule bila kukatwa, na wao wenyewe hawakuambiwa nani ni nani. Baada ya mwaka mmoja, waliopata nafuu iliyokusudiwa miongoni mwa waliokatwa walikuwa asilimia 23. Miongoni mwa wasiokatwa, asilimia 37. Aidha, katika makundi yote mawili wapo waliopata uvimbe wa kongosho kwa sababu ya mpira huo.

Kwa hiyo kumwamini mgonjwa si sawa na kuamini kila maelezo ya ugonjwa wake. Daktari anayekata ili aonekane amefanya jambo, na daktari anayesema "hakuna kitu" ili amalize jambo, wote wawili wanakimbia kitu kimoja: kukaa na mtu ambaye bado hawajamjua.

Daktari wa tatu hakukimbia. Alimuuliza Shangazi linauma vipi, na lini. Safari hii aliyetafsiri ni binti yake, neno kwa neno: "Linanichoma hapa, ubavuni mwa kovu, nikijiinua kitandani." Daktari akamlaza, akaweka kidole pale, akamwambia ainue kichwa na mabega. Shangazi akapiga ukelele. Kipimo hicho kilielezwa na daktari wa upasuaji wa Marekani, J. B. Carnett, mwaka 1926, na hakihitaji hata umeme. Misuli ya tumbo ikikaza na maumivu yakazidi, basi yaelekea kisa kiko kwenye ukuta wa tumbo, katika msuli au mshipa wa fahamu, si ndani.

Ndipo tulipokumbuka, tukaona haya. Maneno hayo Shangazi aliyasema tangu siku ya kwanza. Sisi tuliyatafsiri kwa maneno mawili matatu: tumbo linamuuma. Tulimfupisha. Tukiwa na shahada zetu na Kiingereza chetu, tuliitupa njiani habari pekee iliyokuwa na thamani, kisha tukamletea majibu safi kama zawadi.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijua maiti. Ni kweli, lakini sisi tulio hai tumeifanya kisingizio cha kutouliza. Maumivu ya mwenzako huwezi kuyahisi, unaweza kuyabeba tu jinsi alivyokukabidhi, bila kupunguza wala kuongeza. Kwetu sisi tunaotafsiriana ughaibuni, hiyo ni amana.

Sindano ya ganzi ilimpunguzia Shangazi, haikumaliza. Zipo siku linamchoma. Tukimpigia simu kumuuliza "hujambo?" bado hujibu "sijambo, wanangu". Nasi hatukati simu hapo. Tunangoja lile "ila".