Kuyahifadhi Maneno ya Mwenzetu

Safari hii twapenda kuwaza pamoja nanyi juu ya kitufe kimoja kidogo. Kwenye kompyuta nyingi, juu upande wa kulia wa kibodi, kipo kitufe kilichoandikwa PrtSc. Ukikibonyeza pamoja na kile cha Windows, yote yaliyoko kwenye kioo wakati ule hupigwa picha, nayo picha hujiweka yenyewe katika folda. Vijana huiita skrinishoti. Hakuna kelele, wala ruhusa haiombwi.

Hapo mwanzo haikuwa hivyo. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na kitufe hicho hicho, lakini kazi yake ilikuwa kuyapeleka yaliyo kwenye kioo hadi kwenye mashine ya kuchapa. Karatasi ilitoka kwa mlio, na kila aliyekuwamo chumbani alijua kwamba kuna kitu kimechukuliwa.

Basi je, ni halali kuyahifadhi maneno ya mwenzetu pasipo yeye kujua? Wako watakaotucheka. Watasema, mtu akikuandikia si amekwisha kukupa? Mbona barua za marehemu baba zimo sandukuni hata leo, wala hakuna aliyelalamika? Hoja hiyo ina nguvu. Tena yako mambo yasiyohitaji kuulizwa kabisa. Anayepiga picha ya risiti ya ada, au ya hitilafu ya kompyuta ili amwonyeshe fundi, hana neno. Na mjane anayeandikiwa vitisho na shemeji ili ahame shambani, huyo twamsihi apige picha na kuitunza, tena asiufute ule ujumbe wenyewe. Anayemshauri mtu wa namna hiyo asamehe na kufuta amemsaidia mwonevu.

Shida yetu ni ugomvi wa kawaida, huu wa majirani na wanakamati. Mtu ameandika usiku kwa hasira, na kulipokucha amefuta. Kufuta kwake kulikuwa mwanzo wa kuomba radhi. Lakini aliyewahi kupiga picha amekwisha kumfungia mlango huo, naye maskini hajui.

Ndiyo maana mfano wa barua hautoshi. Mwenye kuandika barua alijua kwamba itakaa. Aliifunga, akatembea nayo hadi posta, na njiani aliweza kugeuza nia. Kisha barua ilikaa nzima, pamoja na salamu zake. Picha ya kioo hukatwa. Hubaki sentensi mbili, na yaliyotangulia hayaonekani. Wala picha si shahidi mwaminifu kama inavyodhaniwa, kwa maana mtu mwenye ujuzi kidogo aweza kuyabadili maneno ya ukurasa kwenye kompyuta yake mwenyewe kwanza, ndipo apige. Hata kule kukata kumewahi kuwaumbua watu. Mwaka 2023 iligundulika kwamba programu ya kukatia picha ya Windows 11, mtu akihifadhi picha iliyokatwa juu ya ile ya kwanza, iliyaacha ndani ya faili mabaki ya kile alichokusudia kukiondoa, na wajuzi waliweza kuyarudisha kwa sehemu. Kosa hilo lilirekebishwa mwaka huo huo.

Tena siku hizi mkono wenyewe waweza usihitajike. Mwezi wa Mei 2024 Microsoft walitangaza Recall, ambayo katika baadhi ya kompyuta mpya hupiga picha ya kioo kila baada ya sekunde chache, ili mwenye mashine aweze kutafuta lolote alilowahi kuliona. Watu walipiga kelele juu ya usalama wake, nayo ikaahirishwa, hata ikatolewa mwaka 2025 kwa sharti kwamba mtumiaji aiwashe kwa hiari yake. Twauliza tu, hiari ya nani? Yule aliyetuandikia hakuulizwa. Mwezi wa Mei mwaka huo wenye Signal waliona heri kuifunga programu yao kwenye Windows, isipigike picha.

Lakini tusiwasingizie Wamarekani. Sisi tunaoandika haya tumelitenda jambo hili kwa kidole chetu. Miaka mitatu iliyopita ndugu mmoja katika kamati ya ujenzi alituandikia usiku kwamba hesabu zetu zinanuka. Tulipiga picha. Asubuhi alikuwa ameyafuta, na juma lile lile alikuja nyumbani kuomba radhi, tukapeana mikono, akanywa chai. Picha tuliiacha katika folda tuliyoiita Muhimu. Mwaka jana jina lake lilipotajwa kwa nafasi ya mtunza hazina, tulirudi nyumbani, tukafungua folda ile, tukamwonyesha mtu mmoja tu. Jina lake halikutajwa tena, wala hakuambiwa sababu.

Tusidanganyane, hatukuwa tumesamehe. Tulikuwa tumeweka akiba.

Mwezi uliopita tulimwendea tukamweleza yote. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama na maneno yetu sisi, yaliyokuwa juu ya yale yake, tuliyapiga pia. Hatukuyapiga. Tulikuwa tumemwita mvivu na mwongo, mbele ya wenzake kumi na wawili, na hilo tulikuwa tumelisahau kabisa mpaka alipouliza.

Tulitaka kuifuta picha pale pale mbele yake. Akatukataza. Alisema twende nayo kwanza kwa yule tuliyemwonyesha, tumsimulie na kile kilichokatwa. Tumekubaliana kwenda Jumamosi hii, sote wawili.