Shairi Kinywani mwa Mtoto

Wako watu, nao ni wenye elimu na nia njema, ambao wakisikia mtoto wa shule ameamrishwa kuhifadhi shairi kwa ghibu hukunja nyuso, wakauliza kuna faida gani kumtia mtoto maneno ambayo maana yake hajaifahamu, ilhali diwani zimo kabatini na siku atakapolihitaji shairi atalifunua alisome. Hoja hii ina sura ya busara, na laiti ingekuwa juu ya tarehe za wafalme na majina ya mito nisingegombana nayo. Bali kwa shairi naikataa.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga juu ya vita, siasa, mapenzi na dhiki, na mengi katika mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu wa mji hata mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipomsaidia Mwingereza William Taylor kuyakusanya. Diwani yenyewe haikupigwa chapa mpaka mwaka 1940. Kwa muda mrefu kabati lilikuwa vifua vya watu.

Tena shairi hujilinda lenyewe. Juzi nilimsikiliza mtoto wa jirani barazani, akisema ubeti huku akihesabu mizani kwa vidole. Alipofika mshororo wa tatu akatia "nyumba" mahali pa "makao", akasita, akakunja vidole upya, akaona kimoja kimebaki bila kazi, akarudi kulitafuta neno lililopotea mpaka akalipata, wala hapakuwa na mtu aliyemsahihisha. Insha, hata iwe nzuri namna gani, haina mlinzi wa aina hiyo.

Ama ile hoja ya maana, aghalabu maana haina haraka. Mpe mtoto wa miaka 10 beti chache za Al-Inkishafi, zielezazo majumba ya fahari ya Pate yaliyogeuka makao ya popo, naye ataona popo tu, na pengine atawapenda hao popo. Lakini siku atakaposimama, mtu mzima, mlangoni pa nyumba ya babaye iliyofungwa, ubeti utamjia bila kuitwa, na diwani iliyo kabatini haina uwezo huo, maadamu hakuna afunguaye kabati katika saa kama ile.

Hata hivyo kazi hii ina adabu yake. Mwalimu ashikaye kiboko na kudai beti 20 kufikia Ijumaa amelifanya shairi kuwa deni, na yule asahihishaye kwa kitabu mkononi, asiyelijua mwenyewe, sioni kwa haki gani anaamrisha wengine. Na alighani kwanza yeye, kwa mahadhi, ubeti mmoja kwa juma. Na mtoto akikwama asimkatie alama, bali amwachie mwenziwe wa dawati la pili adakie.