Hesabu Mbili za Darasa Moja

Katika vitabu vitano vya Musa kimo kimoja kiitwacho Hesabu. Wakristu wengi hukipita upesi, maana kimejaa orodha za majina na tarakimu. Walakini jina lake halikutungwa bure. Mwanzoni mwake, katika jangwa la Sinai, wanahesabiwa wanaume wa Israeli waliofikia umri wa miaka ishirini, nao wanapatikana 603,550. Karibu na mwisho wake, katika nchi tambarare ya Moabu, wanahesabiwa tena, nao wanapatikana 601,730. Mtu akiziangalia tarakimu hizo mbili juu juu atasema taifa halikupungua sana. Lakini kitabu chenyewe chatuambia ya kwamba, katika wale wa hesabu ya kwanza, walioingizwa katika hesabu ya pili ili waione nchi ya ahadi walikuwa wawili tu, Kalebu na Yoshua.

Tumekikumbuka kitabu hiki kwa sababu majira ya mahafali yamefika. Wiki hizi, kabla ya mtihani wa taifa wa mwezi wa Novemba, shule za sekondari zinawaaga vijana wa kidato cha nne, nasi twafurahi pamoja nao. Ni nani asiyeguswa amwonapo mama aliyeuza vitumbua alfajiri kwa miaka minne, sasa amevaa kitenge kipya, ameshika taji la maua akimngoja bintiye? Msomaji asidhani kwamba twataka kuitia maji furaha hiyo.

Tena safari waliyokwenda si fupi. Walipoingia kidato cha kwanza wengi wao walikuwa wametoka shule za msingi walikofundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Ghafula wakajikuta katika chumba ambamo karibu kila somo hunenwa kwa Kiingereza. Yule aliyekuwa msemaji wa darasa la saba akawa bubu. Walimu walijua sababu. Wazazi wengi hawakuijua, wakadhani mtoto amekuwa mvivu, na kumbe alikuwa anaona haya tu kufungua kinywa. Wako waliovunjika moyo hapo hapo, katika miezi ya kwanza, wala hapana mtu aliyesikia. Kidato cha pili ukaja upimaji wa taifa, na asiyefikia kiwango akabaki nyuma kukaa na wadogo zake. Lakini mwaka wa hatari kupita yote, kwa maoni yetu, ni kidato cha tatu, ijapokuwa hauna mtihani wa taifa. Mwili umekua, mwisho ungali mbali, na barabarani iko pikipiki iletayo fedha kila jioni.

Hivi karibuni tulihudhuria mahafali katika shule moja iliyo mbali na mji. Risala ilisomwa vizuri. Ilitaja idadi ya walioanza na idadi ya wanaomaliza, kisha msomaji akaendelea upesi na habari za maabara na upungufu wa madawati. Watu wakapiga makofi. Nyuma yetu alisimama msichana amebeba mtoto mgongoni. Wahitimu walipopita kwa maandamano akawataja kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, wala hakusita hata mara moja.

Tukamwuliza, "Binti, wawajua wote hawa?"

Akajibu, "Ndiyo, baba. Nilikuwa nao mpaka kidato cha tatu."

Habari za baba wa mtoto hatukumwuliza. Lakini yafaa msomaji ajiulize kama yeye naye ameacha kufanya lo lote kwa ajili ya mtoto huyo.

Hapo ndipo ilipotujia ile hesabu ya Moabu. Na tuseme wazi ya kwamba mfano wetu haulingani kila upande. Waisraeli wale walikufa jangwani kwa sababu ya uasi wao. Vijana wetu wengi hawakuasi neno. Mmoja alifiwa na mzazi akalazimika kulea wadogo zake. Mwingine alichoka kwenda na kurudi kwa miguu, na tumbo li tupu. Ni kweli, Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za Serikali hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, na jambo hilo ni la kushukuriwa; lakini sare, madaftari na sahani ya mchana vinataka fedha vile vile. Na msichana aliyepata mimba, kwa miaka mingi, alifukuzwa, na habari zake zikaishia hapo, mpaka Waraka Na. 2 wa mwaka 2021 ulipomfungulia mlango wa kurudi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo hufundisha elimu ya sekondari kwa njia mbadala, na mtu aweza kufanya Mtihani wa Maarifa, halafu akaufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Basi mlango upo. Azuiaye mara nyingi yumo nyumbani. Tumewasikia wazazi, tena wenye kusali rozari kila jioni, wakisema, "Huyo amekwisha niaibisha, zamu yake imepita." Bwana wetu, katika Injili ya Luka, alisimulia habari za mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa ili amtafute mmoja. Hakusema kwamba mchungaji yule alichunguza kwanza kondoo amepotea kwa kosa la nani.

Twawaomba mapadre, katika Misa za shukrani za mwaka huu, wazisome hesabu zote mbili, ya walioanza na ya wanaomaliza, na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wakaulize majina ya wale wa katikati. Kazi hiyo haihitaji kamati.

Na neno moja la pekee. Msichana yule alituambia kwamba mwalimu mkuu yu tayari kumpokea, bali baba yake hajakubali. Alituambia pia kwamba baba yake hununua gazeti hili kila Jumapili baada ya Misa. Mzee wetu, hatukutaja jina lako wala la kijiji chako. Bibi wa mtoto amesema atakaa naye tangu asubuhi mpaka masomo yaishe. Shule itafunguliwa Januari.