JINA LAKO NI AMANA



Sisi sote tuliovuka mpaka kuja huku Rubavu tuliandikwa. Walioingia kituo cha Nkamira mwaka 2012 wanakumbuka, na waliokuja tangu mwisho wa 2022 wanakumbuka zaidi. Uliulizwa jina lako, la baba na la mama, kijiji ulichotoka, kabila, dini, ugonjwa, nani amekufa njiani na nani amebaki nyuma. Ukapigwa picha, ukaweka vidole kwenye mashine. Ukasema mambo ambayo labda hata jirani yako hajui, kwa sababu ulikuwa na watoto wenye njaa na mbele yako kulikuwa na meza, na nyuma ya meza kulikuwa na msaada.

Wengi mmeniuliza: mambo yale yako wapi sasa? Ni ya nani? Na yule aliyeyashika ana deni gani kwetu? Wengine husema haya ni mambo ya watu wa kompyuta. Mimi naona ni mambo ya haki na dhambi, kwa hiyo na tuyafikirie pamoja kama watu wa Mungu.

UKWELI UNAWEZA KUUA

Soma tena 1 Samweli, sura ya 21 na 22. Daudi alikuwa mkimbizi. Alifika Nobu akiwa na njaa, mkononi hana silaha, na kuhani Ahimeleki akampa mikate na upanga wa Goliathi. Siku ile alikuwapo mtu mmoja, Doegi Mwedomi, akayaona yote. Baadaye Doegi akamwambia mfalme Sauli. Matokeo yake makuhani 85 waliuawa siku moja, na mji wa Nobu ukapigwa pamoja na wanawake na watoto.

Sasa jiulizeni: Doegi alisema uongo gani? Mikate ilitolewa kweli. Upanga ulitolewa kweli. Alichosema ni sawa na daftari la mgao: nani alikuja, alipewa nini, na nani alimpa. Kosa lake ni kwamba alichukua habari iliyozaliwa mahali pa huruma akaipeleka mahali pa hasira. Habari ya mkate ikawa habari ya kifo.

Tumefundishwa tangu utoto kwamba dhambi ya ulimi ni uongo. Lakini kuna dhambi nyingine, nayo ni kupeleka ukweli wa mtu kwa asiyestahili kuupata. Mithali 11:13 inamtenganisha mchongezi anayefunua siri na mwaminifu anayeisitiri. Haisemi kwamba siri ile ilikuwa ya uongo.

Nchi hii tuliyopokelewa inaijua habari hiyo kwa machozi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ulianza kutoa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kwa karani wa wakati ule lilikuwa neno moja tu la kujaza kwenye karatasi. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani wakaambiwa watoe vitambulisho, na neno lile moja likaamua nani apite na nani auawe. Ukumbusho wa Commune Rouge uko hapa hapa Rubavu. Baada ya mauaji yale Rwanda iliondoa neno la kabila kwenye kitambulisho. Walioandika katika miaka ya 1930 hawakujua 1994 itakuja. Ndiyo maana anayeandika habari za watu hawezi kujitetea kwa kusema, "Nia yangu leo ni njema." Daftari huishi kuliko nia ya mwandishi. Ofisi hubadilika, wakubwa hubadilika, vita huja, na karatasi inabaki.

JE, TUKATAE KUANDIKWA?

Wapo wanaosema: basi tusitoe majina, au tutoe ya uongo. Ndugu zangu, hapana.

Bila kuandikwa, mwenye nguvu hula mara tatu na mjane hapati. Nchini Uganda, mwanzo wa 2018, yalitokea madai ya hesabu za wakimbizi zilizozidishwa na misaada iliyoibwa. Serikali na UNHCR wakahakiki watu kwa alama za vidole na macho, na hesabu iliyokuwa karibu milioni 1.4 ikashuka hadi karibu milioni 1.1. Daftari la kweli linamlinda mwenye haki.

Tena, mtoto aliyepotea njia ya Goma hawezi kurudishiwa mama yake kama hakuna mahali majina ya wote wawili yameandikwa. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, ni familia ngapi kati yetu zilitafuta jina la ndugu mmoja kwenye orodha? Siku ile orodha ilikuwa neema.

Na jina la uongo lina mtego wake. Huko Garissa, Kenya, wakati wa ukame wenyeji wengine walijiandikisha kama wakimbizi wapate chakula cha Dadaab. Miaka ikapita. Walipokwenda kuomba kitambulisho cha Kenya, alama za vidole zikasema, "Huyu ni mkimbizi." Maelfu ya raia wakakosa kitambulisho, na bila hicho huwezi kwenda chuo, kufungua akaunti wala kupata kazi. Njaa ya mwaka mmoja iliwafuata kwa miaka mingi.

Kwa hiyo kuandika si dhambi. Neno ni hili: nani anaandika, kwa kazi gani, nani ataona, na kwa muda gani?

"LAKINI ULIKUBALI"

Hapa ndipo swali linakuwa gumu. Ofisi ikiulizwa, hujibu: mtu alikubali, tazama sahihi yake, tazama kidole chake.

Lakini fikirini. Mtu aliyetembea siku tatu na mtoto mgongoni, akiambiwa "weka kidole hapa," anaweza kusema hapana? Akisema hapana atakula nini? Esau aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu kwa sababu alijiona karibu kufa. Alikubali kwa kinywa chake mwenyewe, tena kwa kiapo. Hata hivyo hakuna msomaji wa Mwanzo 25 anayemsifu Yakobo kwa biashara ile. Kukubali kwa mwenye njaa ni kukubali, lakini ni kwembamba. Hakubebi mzigo mkubwa.

Mwezi Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wakimbizi wa Rohingya walioko Bangladesh. Lilisema UNHCR iliandikisha watu wale, na Bangladesh ikapeleka habari za watu wasiopungua 830,000 kwa serikali ya Myanmar, yaani serikali ile ile waliyoikimbia. UNHCR ilijibu kwamba watu walielezwa na kuulizwa kama wanakubali. Ripoti ikasema wengi wa waliohojiwa waliambiwa tu kwamba ni kwa ajili ya msaada, na karatasi waliyopewa ilikuwa ya Kiingereza wasichokijua. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Lakini ona jinsi ugomvi wote unavyosimama juu ya neno moja, "alikubali," na jinsi neno hilo linavyotetereka mtu anapokuwa na shida.

Mimi nafikiri hivi: kadiri mtu anavyokosa nguvu ya kusema hapana, ndivyo mzigo unavyomwangukia yule anayeuliza. Mwenye meza ndiye anayepaswa kujizuia. Sahihi yangu haimfanyi awe mwenye mali. Inamfanya awe mtunza amana. Na tunajua amana ni nini. Jirani akisafiri akakuachia mbuzi, mbuzi si wako. Hukuruhusiwa kumkopesha mtu mwingine, wala kumchinja. Utaulizwa.

MTUNZA AMANA ANADAIWA NINI

Kwanza, asichukue zaidi ya kazi. Kama kazi ni kugawa sabuni, kabila langu la nini? Habari isiyochukuliwa haiibiwi.

Pili, aitumie kwa kazi aliyoitaja. Iliyotolewa kwa daktari isiende kwa polisi, na iliyotolewa kwa mgao isiende kwa mfanyabiashara wa simu.

Tatu, aifunge. Si kompyuta tu, hata kabati. Karatasi ya majina ya wagonjwa ikifungiwa maandazi sokoni, siri imekwisha kutoka.

Nne, mlango ukivunjwa, aseme. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mitandao waliingia kwenye kompyuta zake na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000: waliotenganishwa na familia, waliopotea, waliofungwa. Ni kazi ile ile ya kuunganisha familia ambayo wengi wetu tunaitegemea. Baadaye Kamati ikaeleza kwamba wezi waliingia tarehe 9 Novemba 2021, wakagunduliwa tarehe 18 Januari, na walipitia udhaifu wa programu ambao ulikuwa haujazibwa kwa wakati. Ni siku 70 mwizi yuko nyumbani! Jambo hilo linahuzunisha. Lakini wenyewe walisimama wakasema, hawakungoja kufichuliwa. Anayeficha wizi wa amana anaiba mara ya pili, kwa sababu anamnyima mwenye mali nafasi ya kujilinda.

Rwanda sasa ina sheria ya mambo haya, Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, na taasisi zilipewa miaka miwili kujirekebisha, hadi Oktoba 2023. Inahesabu afya, dini, asili ya mtu na alama za mwili kuwa habari nyeti. Inampa mtu haki ya kuuliza ameandikwa nini na kutaka kosa lisahihishwe. Habari zikivuja, aliyezishika ana saa 48 za kuijulisha mamlaka inayosimamia. UNHCR nayo, pamoja na kinga zake za Umoja wa Mataifa, ilijiwekea kanuni mwaka 2015 zinazosema mkimbizi aelezwe, aone na kusahihishiwa habari zake. Kwa hiyo usiogope kuuliza kwa heshima: "Hii mnaandika kwa kazi gani? Nani ataiona?" Si utovu wa adabu. Omba usomewe kwa lugha unayoielewa kabla ya kuweka kidole. Jina au mwaka wa mtoto ukikosewa, rudi usahihishe mapema. Usimpe mtu usiyemjua picha ya kadi yako kwenye simu kwa sababu amekuahidi safari ya Marekani.

Mwingine atasema, "Mimi sina kosa, sina la kuficha." Esta naye hakuwa na kosa. Hata hivyo Mordekai alimwagiza asitaje kabila lake katika nyumba ya mfalme (Esta 2:10). Siku ilipofika alilitaja mwenyewe, na watu wake wakaokoka. Kama mtumishi mmoja wa jumba lile angelitaja kabla ya wakati, habari ingekuwa ile ile, lakini mwisho ungekuwa mwingine.

NA NYUMBANI MWA BWANA JE?

Ni rahisi kunyoshea ofisi kidole. Lakini kanisa nalo lina madaftari. Tuna orodha ya wajane, orodha ya wagonjwa wa kuombewa, na majina ya akina mama waliotendewa mabaya vitani ambao walimwambia mchungaji peke yake. Tuna picha ambazo wageni huomba ili wakaonyeshe makanisani kwao.

Mzee anayesimama Jumapili akasema, "Tumwombee mama fulani, amepimwa na kukutwa na ugonjwa ule," amefanya kazi ya Doegi kwa sauti ya maombi. Mungu anamjua mama yule bila kutajiwa ugonjwa wake kwenye kipaza sauti. Wazee wa kanisa, mashemasi na viongozi wa kwaya, nawasihi: daftari la siri likae kwa mtu mmoja, kwenye sanduku lenye kufuli. Jina litajwe kwa ruhusa ya mwenyewe. Mtoto asipigwe picha mpaka mzazi aelezwe picha inakwenda wapi, na mzazi akikataa asinyimwe kitu.

Katika Yohana 4 Bwana wetu alikaa kisimani na mwanamke Msamaria. Alijua habari zake zote, waume watano na yule wa sita. Lakini angalieni mstari wa 8: wanafunzi walikuwa wamekwenda mjini kununua chakula. Aliyaongea mambo yale wakiwa wawili tu. Kisha nani aliyeupelekea mji habari? Ni mwanamke mwenyewe, kwa miguu yake, siku aliyotaka, kwa maneno aliyoyachagua. Yeye aliyejua yote hakumtangaza. Basi sisi tunaojua kidogo, tumepata wapi ruhusa?

Mungu wetu, ajuaye jina la kila mmoja, awalinde ninyi na wale mliowaacha ng'ambo ya mpaka. Amina.