Ungwana Wavulika?

Neno mwungwana kwetu limebeba maana mbili zilizoshikana: asiyekuwa mtumwa, na mwenye mwenendo mwema. Katika kazi yangu ya kufasiri nimelitafutia mwenziwe katika lugha za watu, nisimpate. Wazee waliokutanisha maana hizo mbili, je, walitenda haki? Aliyenirudisha kwenye swali hilo ni Lord Edward FitzGerald wa Ireland, aliyezaliwa 1763.

Babaye alikuwa Duke wa kwanza wa Leinster, wa ukoo ulioingia Ireland pamoja na Wanormani katika karne ya 12. Nyumba yao ya Dublin ndimo linamokutana leo Bunge la nchi hiyo. Mamaye, Emily, alifiwa na mumewe 1773, akaja kuolewa na William Ogilvie, mwalimu wa wanawe. Wakubwa walinong'ona. Nadhani hapo ndipo kijana alipoanza kuitilia shaka nasaba.

Septemba 1781, huko Eutaw Springs, South Carolina, Edward alikuwa askari wa mfalme wa Uingereza, akipigana na Wamarekani waliodai uhuru wao. Alijeruhiwa paja, akaachwa uwanjani. Aliyemwokota ni Tony Small, mtumwa mtoro. Akambeba hadi kibandani mwake, akamuuguza hata akapata nguvu. Tazama mambo yalivyopindana: waliodai uhuru walimiliki watumwa, mwana wa Duke alikuja kuwazuilia uhuru huo, na aliyetenda kiungwana ndiye ambaye sheria haikumhesabu mwungwana.

Edward alimwajiri Tony kwa mshahara, akiwa mtu huru, wakasafiri pamoja hata Kanada. Kisha mwaka 1792, katika karamu mjini Paris, waliinua bilauri kutakia vyeo vya kurithi vifutwe, naye akakikana chake. Uingereza ikamwondoa jeshini.

Tendo hilo ni la kusifiwa, nami nalisifu. Lakini wa kuvua joho ni yule aliyevishwa. Edward alipokikana cheo alibaki na jina, jamaa na mlango wa kugonga. Tony alipomwinamia majeruhi angeweza kurudishwa utumwani, na hakuwa na deni kwa mtu yule.

Baadaye Edward alilipa, na alilipa ghali. Alijiunga na Waairishi Walioungana waliopanga kuuondoa utawala wa Uingereza. Akakamatwa Dublin tarehe 19 Mei 1798 baada ya mapambano, akafa gerezani kwa jeraha tarehe 4 Juni, bila ya kuhukumiwa. Bunge likamtangaza haini akiwa kaburini na mali yake ikataifishwa, mjane wake Pamela akiwa na watoto watatu wachanga. Watoto hao wakarithi hasara wasiyoichagua, kama vile wangalivyorithi fahari wasiyoichuma. Hukumu hiyo ilifutwa 1819, wakiwa wamekwisha kukua.

Vitabu hadi leo humwita Lord. Nami, nikisoma upya niliyoyaandika, naona nimemwita hivyo tangu mwanzo. Na mwokozi wake nimemwita Tony.