Deni la Muuza Chakula

Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi, ukingoni mwa Ziwa Edward, katika Kivu ya Kaskazini. Asubuhi mitumbwi inaporudi, akina mama huwa wamekwisha kuwasha moto karibu na maji. Hukaanga samaki na mandazi, hupika uji, na kuwauzia wavuvi, wachukuzi na wachuuzi wapelekao samaki Butembo na Beni. Kazi hii ni njema. Huwashibisha wenye njaa, na faida yake huwalisha watoto nyumbani.

Lakini hapo pana swali. Mama mmoja ameosha sahani kwa maji ya ziwa vilevile alivyoyateka. Mchuuzi amekula, amelipa, amekwenda zake. Siku ya pili anashikwa na kipindupindu huko Butembo. Mama hajui habari hiyo, wala hatajua kamwe. Hapana mtu atakayekuja kumdai. Je, ana deni?

Wengine hujibu: “Asiyejua hana hatia.” Neno hili ni kweli, lakini si kweli yote.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi mjini London, Uingereza. Daktari John Snow alitambua kwamba wengi wao walikuwa wamekunywa maji ya kisima kimoja. Hata mjane mmoja aliyekaa mbali alikufa, kwa kuwa alipenda ladha ya maji hayo akaletewa nyumbani kwake. Aliyempelekea hakuwa na kosa, maana siku zile watu hawakujua bado kwamba ugonjwa huo huenda pamoja na maji. Kutojua kwa namna hiyo humwondolea mtu hatia.

Walakini kutojua ni kwa namna mbili. Yuko asiyejua kwa sababu hakufundishwa, na yuko asiyejua kwa sababu hataki kufundishwa. Huyu wa pili amejifumba macho mwenyewe, basi asiseme njia ina giza. Tangu mwaka 2018 hata 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,000 katika nchi hizi za mashariki, Beni na Butembo zikiwamo, na ndoo za kunawia mikono zikawekwa njiani na sokoni. Aliyeziona hawezi kusema hakusikia habari ya mikono michafu.

Tena mtu asijitetee akisema: “Mimi ni mzima, mikono yangu haina neno.” Wengi waingiwao na vijidudu vya kipindupindu hawaumwi hata kidogo, lakini huvitoa chooni kwa siku 1 mpaka 10. Basi uzima wa mpishi si ushuhuda kwamba chakula chake ni safi. Amri isemayo mtu asiue haihusu mkuki peke yake. Yahusu na sahani.

Mama aweza kujibu: “Mimi ni maskini. Sabuni ina bei, na kuni ni shida, kwa kuwa kijiji kimo ndani ya mbuga ya Virunga, na kukata miti kumekatazwa.” Jibu hili ni la haki, nalo lisikilizwe. Hapana mtu adaiwaye asichoweza. Lakini adaiwa anachoweza. Asiye na sabuni anawe kwa jivu na maji safi. Kuni zikiwa haba, maji ya kunywa yatangulie kuchemshwa. Samaki mbichi asikatwe juu ya ubao wa mandazi. Chakula kifunikwe, kisikaliwe na nzi, nacho kiliwe kingali moto.

Wala deni si lake peke yake. Aendaye haja ukingoni mwa ziwa humharibia mpishi maji yake. Mnunuzi apunguzaye bei mpaka sabuni isipatikane, naye ana sehemu. Wakubwa wa kijiji wasiohimiza vyoo kuchimbwa wana sehemu kubwa zaidi. Lakini makosa ya hao hayamwoshei mama mikono yake.

Basi mama yule ana deni, kwa kadiri ya ujuzi wake na uwezo wake. Aliyekwisha kwenda hawezi kumlipa, maana hamjui jina. Ajaye kesho aweza kumlipa. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni haki mgeni naye aondoke mzima.