Daktari Akisema, Ni Nani Anayesema?



Kuna sentensi moja ambayo ikishaandikwa kwenye grupu la parokia, mjadala umekwisha: "Jamani, huyu ni daktari, tena Mkatoliki mwenzetu." Chini yake klipu: mtu kavaa koti jeupe, anawaonya akina mama wasiwapeleke mabinti kwenye chanjo ya HPV. Swali langu si la kitabibu. Nauliza tu, ni kitu gani hasa kinachotufanya tumwamini?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanzoni kabisa mwa Summa Theologiae, anasema hoja inayotegemea mamlaka ya binadamu ndiyo dhaifu kuliko zote. Basi tusimwamini daktari yeyote? Hapana, hatuwezi kuishi hivyo. Mimi sijawahi kuona kirusi kwa macho. Namwamini daktari kwa sababu nyuma yake wako wengi waliopima, wakabishana, wakasahihishana. Mamlaka yake ameyaazima kwao. Akitaka kupingana nao, ruksa, lakini hapo koti halimsaidii tena. Alete ushahidi, na aupeleke kwanza kwa wanaoweza kuupima, siyo kwa mama mwenye simu na hofu.

Jirani zetu Kenya walilipitia hili. Machi 2021 Chama cha Madaktari Wakatoliki wa Kenya, mwenyekiti wake akiwa Dk. Stephen Karanja, kiliwataka watu wasichanjwe dhidi ya UVIKO-19. Maaskofu wa Kenya wakajitenga na msimamo huo, wakasema chanjo inakubalika kimaadili, kama Vatikani ilivyokwisha kueleza Desemba 2020. Mwishoni mwa Aprili Dk. Karanja akafariki kwa UVIKO. Ukitaka kumcheka, acha. Ni dhambi, na pia ni hoja mbovu: kifo cha mtu mmoja hakithibitishi chanjo, kama vile homa ya binti mmoja baada ya sindano isivyoikanusha. Mimi linalonisumbua ni neno "Wakatoliki" kwenye jina la chama. Msomaji wa kawaida angeona pale daktari na Kanisa kwa pamoja, wakati Kanisa lilikuwa likisema kitu kingine.

Hapa Tanzania saratani ya mlango wa kizazi inaua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Tangu Aprili 2024 dozi ya HPV ni moja tu, kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14. Binti wa miaka 10 hayumo grupuni, wala klipu hajaiona. Anayeamua ni mama yake, aliyemwamini katekista, aliyemwamini aliyeituma. Na aliyeituma hakupima chochote! Amri ya nane huwa tunaisoma kama inamhusu mwongo peke yake. Naona inambana pia anayesambaza kwa uhakika jambo asilolijua.

Kuwa na shaka si dhambi. Waraka uleule wa Vatikani unasema kuchanjwa kuwe kwa hiari.

Ila wauguzi na matabibu wetu wamo humohumo kwenye magrupu. Wanaiona klipu, wananyamaza wasionekane wabishi, na watu wanauhesabu ukimya wao kuwa ni kukubali. Wewe muuguzi unayesoma hapa, andika sentensi mbili tatu tu, kwa Kiswahili cha nyumbani: chanjo inakinga nini, mkono unaweza kuuma au homa ikaja kwa siku moja mbili, na mwenye maswali akukute kliniki siku fulani, saa fulani.